Kopo, Kijiko na Babu: Kumbukumbu za Kumchezesha Mtoto Mchanga Tabora

Kumchezesha mtoto mchanga humchosha mtu mzima mapema, na uchovu wenyewe hautokani na nguvu zinazotumika. Mtu anakaa mkekani, anatikisa kopo, mtoto anacheka. Anatikisa tena, mtoto anacheka tena. Kilichomo ndani ya kopo mtu mzima anakijua, maana amekitia mwenyewe, kwa hiyo haipiti muda akili yake inaanza kutafuta mlango wa kutokea. Mtoto ndiyo kwanza anaanza. Michezo ya watu wazima, iwe bao au karata, ina zamu, ina mshindi na ina mwisho. Mchezo wa mtoto wa miezi sita hauna hata kimoja kati ya hivyo. Huisha mwenye mchezo anapolala au anapolia.

Jambo hili limepata uzito mpya nchini Tanzania. Desemba 2021 Serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 hadi 2025/26, kwa ajili ya watoto wa umri wa kuzaliwa hadi miaka minane. Inasimama juu ya mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Mchezo unaingia hapo katikati. Mzazi anahimizwa kuzungumza na mtoto na kucheza naye tangu siku za mwanzo, kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani, na ujumbe huo umefika mpaka kwenye mabenchi ya kliniki. Katika kituo kimoja cha afya mjini Tabora, muuguzi alikuwa akiwaeleza hayo akina mama waliosubiri kupima uzito wa watoto, mama mmoja kijana akauliza bila utani wowote, "Sasa nesi, nicheze naye nini huyu? Hata kunijibu hanijibu." Benchi zima likacheka. Muuguzi naye akacheka, akasema mtoto hujibu kwa macho, kisha akaendelea na somo la uji wa lishe.

Mwandishi wa makala haya, mwalimu mstaafu aliyekuwa benchi la pili akisubiri kupimwa presha, aliona swali lile limepitwa haraka mno. Miaka kadhaa nyuma alikuwa ameshinda nalo kutwa, nyumbani kwake Isevya, na mjukuu wake wa kwanza. Mama wa mtoto alikuwa amemaliza likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria ya kazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Bibi alikuwa na genge lake sokoni. Mwenye nafasi alikuwa babu.

Mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mchanga saa nyingi si jambo la kale katika nchi hii. Mama alimbeba mtoto mgongoni, jembe au mchi ukaendelea na kazi yake. Aliyemchezesha, mara nyingi, alikuwa dada au kaka wa miaka saba au minane, ambaye kwake kelele ya kopo bado ilikuwa na utamu. Mtafiti Robert LeVine na wenzake, waliofanya kazi Kisii, Kenya, katika miaka ya 1970, waliwakuta akina mama wa Kigusii wakimnyonyesha mtoto mara anapotaka na kumtuliza haraka anapolia, lakini wakiona ni kichekesho kuketi na kuzungumza na kichanga kisichojua kusema. Watoto wao hawakukosa michezo. Waliipata kwa watoto wenzao. Mama yule wa kliniki, basi, alikuwa akisema jambo ambalo akina mama wengi wa Afrika Mashariki wangeliunga mkono. Programu inamtaka mzazi acheze, na inafanya vyema, ila haimwambii kwamba anakabidhiwa kazi ambayo bibi yake aliwaachia watoto wa uani. Watoto hao siku hizi wako shuleni tangu asubuhi.

Kifaa cha kwanza Isevya kilikuwa chupa ya maji ya nusu lita iliyotiwa punje za mahindi, kifuniko kikakazwa na kuunguzwa kwa kisu cha moto kisije kikafunguka. Mtoto alikuwa na miezi minne na kitu. Alichoweza ni kugeuza shingo kuifuata sauti, na baadaye kuikamata chupa kwa mikono miwili na kuipeleka mdomoni. Kwa babu, siku za mwanzo zilikuwa ndefu. Mabadiliko yalikuja alipotengeneza chupa ya pili yenye mchele na ya tatu yenye mchanga wa mtoni. Mahindi hugonga, mchele hunong'ona, mchanga hukwaruza; na mtoto hakuzipokea sawa. Kwa mahindi alipiga miguu. Kwa mchanga alitulia kabisa, mdomo wazi. Kisha ikaja chupa tupu, isiyo na kitu, ikatikiswa kwa bidii ile ile. Mtoto aliitazama chupa, akaitazama tena, halafu akamtazama babu usoni kwa namna ambayo mwalimu yeyote aliyewahi kukosea hesabu ubaoni anaifahamu.

Hapo ndipo uchovu ulipoanza kupungua, na sababu yake inafaa kusemwa wazi. Mtu mzima hachoki kwa sababu mchezo ni wa kitoto. Anachoka kwa kuwa hana swali ndani yake. Mtoto anayo maswali tele, ndiyo maana harudii kitu kile kile hata pale anapoonekana anarudia. Mtu mzima akijipatia swali lake mwenyewe, hata dogo la mchanga na mchele, chupa inaacha kuwa ya mtoto peke yake.

Kijiko kilifuata, mtoto alipofika miezi minane hivi na kuweza kukaa vizuri mapajani pembeni ya meza. Mchezo ulikuwa mmoja: kijiko kinadondoshwa, babu anainama, anakiokota, anakirudisha, kinadondoshwa. Pengine hakuna mchezo unaowakera walezi kama huu, na wengi huuita ukorofi. Ukitazamwa kwa karibu una mambo mengi. Mwanzoni mtoto alikiachia kijiko bila kukusudia, akashtushwa na kishindo. Baada ya siku chache alianza kukiachia huku macho yameshatangulia sakafuni, yanakisubiri. Baadaye akajaribu upande wa kushoto wa kiti, ambako kulikuwa na mkeka badala ya saruji. Kijiko kilitua kimya. Mtoto aliinamisha kichwa kutafuta ile sauti, akasubiri, kisha akanyoosha mkono kudai kijiko chake arudie. Kwenye saruji, mlio. Kwenye mkeka, kimya. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na kwa kweli ilikuwa kazi.

Kabla ya juma kwisha utafiti ulihamia kwingine. Mtoto aliacha kukitazama kijiko kinapoanguka, akawa anaitazama sura ya aliyetakiwa kukiokota. Babu akichelewa, mtoto alitoa sauti fupi. Babu akijifanya hakuona, sauti ilipanda. Babu akianguka chini kwa mbwembwe kana kwamba kijiko kimempiga, mtoto alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Bibi alirudi kutoka sokoni siku moja akakuta hali hiyo, akaweka kikapu chini na kuuliza, "Mzee, leo nani anamchezesha mwenzake?"

Mchezo wa kurudiarudia namna hii uliwahi kumshughulisha babu mwingine, mbali kabisa na Tabora. Mwaka 1920 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alieleza kitabuni mchezo wa mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye alikaa naye nyumba moja kwa majuma kadhaa. Mtoto alikuwa na kipande cha mti cha kuzungushia uzi, kimefungwa kamba. Alikirusha ndani ya kitanda chake chenye pazia kisionekane, kisha akakivuta na kukipokea kwa furaha. Freud alihusisha mchezo huo na mama anayeondoka na kurudi. Tafsiri yake inaweza kubishaniwa, na imebishaniwa sana. Kisichobishaniwa ni kwamba mzee yule alikaa akatazama mchezo ule ule ukirudiwa kwa majuma na hakuona kama anapoteza muda. Kijiko cha Isevya hakikuwa na kamba. Kamba alikuwa babu.

Katika miezi hiyo hiyo kanga iliingia kazini. Mlezi anajifunika uso, anajifunua, mtoto anacheka. Mchezo huu unajulikana karibu kila mahali duniani. Mswisi Jean Piaget, aliyewatazama kwa makini watoto wake watatu na kuandika vitabu juu yao katika miaka ya 1930, alisema kwamba kabla ya miezi minane au tisa mtoto hatafuti kitu kilichofichwa mbele ya macho yake. Kikifunikwa, kwake ni kama hakipo. Watafiti wa baadaye wakiongozwa na Renée Baillargeon walionyesha mwaka 1985 kwamba watoto wa miezi mitano tayari hushangaa wakiona kitu kilichofichwa kimefanya yasiyowezekana, maana yake wanajua zaidi ya wanavyoweza kuonyesha kwa mikono. Mlezi hahitaji kuamua nani ana haki. Inatosha kubadili muda: kuchelewa kidogo kabla ya kufunua, au kuchungulia upande ambao haukutarajiwa. Mtoto wa Isevya alipenda kuchelewa. Alishika pumzi, vidole vya miguu vimejikunja, akisubiri uso autakao urudi.

Tabora ina mfano wake wa zamani wa mtu mzima aliyebanwa na uchovu wa kusubiri akaishia kutazama michezo. Kwihara, nje kidogo ya mji, liko tembe ambalo leo ni makumbusho. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alifika hapo Februari 1872 pamoja na mwandishi wa habari Henry Stanley wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani Machi 14, akaahidi kumtumia wapagazi. Livingstone akabaki akiwasubiri hadi walipofika Agosti, na Agosti 25 akaondoka. Shajara ya miezi hiyo, iliyochapishwa London mwaka 1874 baada ya kifo chake, inaonyesha mzee asiye na la kufanya. Alitazama makinda ya ndege yaliyokwisha kuota manyoya lakini bado yanadai kulishwa na mama yao, yakiokota manyoya na majani na kurukaruka kama yanaalikana kucheza kujenga vijumba. Aliandika pia juu ya watoto. Alidai kwamba sehemu nyingi za Afrika watoto wana michezo michache, wanaiga tu kazi za wazazi wao kwa vibanda, bustani ndogo, pinde na ngao. Halafu, papo hapo, akaanza kuorodhesha ya watoto wa kwingineko: mitego ya ndege, bunduki za matete zenye kifyatulio na majivu badala ya moshi, na bunduki za udongo zenye mitutu miwili. Kwa mtu aliyesema michezo ni michache, orodha yake ilikuwa ndefu. Huenda ingekuwa fupi kama wapagazi wangewahi.

Mjukuu alipelekwa Kwihara akiwa anakaribia mwaka, amebebwa na shangazi yake. Watu wazima walitazama mlango wa nakshi, picha na barua za ukutani. Mtoto aliwekwa kivulini nje, akakuta kokoto. Aliziokota moja moja akazihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na msimamizi wa mahali pale, aliyekuwa ameshayaeleza mambo ya 1872 kwa wageni wasiohesabika, alikatisha maelezo yake akachuchumaa kumpa nyingine. Naye, ni wazi, alikuwa amechoshwa na kurudia.

Kuna la kujifunza zaidi kutoka njia ya misafara iliyounganisha pwani na Tabora. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 7. Miezi ile yote ilikuwa hatua juu ya hatua, mzigo begani wa kilo 30 hivi, porini siku nyingi zinazofanana. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliofanya kazi hiyo kizazi baada ya kizazi, hawakuifanya kimya. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na mapambo yake kichwani, ngoma ikapigwa, njuga zikalia miguuni, mmoja akaanzisha wimbo na wengine wakaitikia. Kazi ilibaki kuwa ile ile ya hatua juu ya hatua, lakini haikuachwa kwa mtu mmoja mmoja kuivumilia kichwani mwake.

Reli ilifuata kwa sehemu kubwa njia hiyo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyouokoa mwaka wa pili wa malezi. Mtoto alipoanza kusimama kwa kushikilia, alipewa makopo matupu ya maziwa ya unga, yasiyo na kingo kali. Babu aliyapanga mstari, mtoto aliyabomoa. Kupanga na kubomolewa kunachosha kuliko kijiko, kwa kuwa anayepanga ana matumaini. Babu akayageuza kuwa vituo: kopo la kwanza Tabora, la pili Usoke, kisha Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza na Kigoma. Kila kopo lilitangazwa kwa sauti ya kipaza sauti cha stesheni. Sharti la babu, ambalo mtoto hakulijua, ni kwamba treni lazima ifike Kigoma kabla ya kubomolewa. Kwa muda mrefu haikupita Urambo. Siku nyingine ilifika Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka, na babu akashangilia peke yake.

Kilichokuja baadaye hakikupangwa. Mtoto aliacha kubomoa ovyo. Alikaa mkono juu, ametulia, makopo yakipangwa, mpaka lisikike neno "Urambo". Hapo ndipo mkono ulishuka. Babu aliporuka kituo, akatoka Usoke kwenda Kaliua moja kwa moja, mkono ulibaki hewani na mtoto akalalamika. Mchezo wa siri wa mtu mzima ulikuwa umegunduliwa na kuchukuliwa. Wataalamu wa malezi husisitiza kumfuata mtoto anakotaka kwenda, na ni kweli, lakini kisa hiki kinaonyesha upande wa pili: mtoto naye humfuata mtu mzima, mradi mtu mzima awe anakwenda mahali. Anayetikisa kopo huku macho yako dirishani hana pa kufuatwa.

Alasiri mambo yalikuwa mepesi zaidi, watoto wa jirani wakirudi kutoka shuleni. Binti mmoja wa miaka minane alichukua yale makopo bila kuuliza, akaficha kokoto chini ya mojawapo, akayazungusha na kumwamuru mtoto aitafute. Dakika chache tu akachoka, akabadili sharti. Akachoka tena, akabadili tena. Watoto wa umri huo nao huchoshwa, tena haraka kuliko wazee. Tofauti ni kwamba hawavumilii, wanavunja mchezo na kuunda mwingine palepale. Kwa saa moja mtoto alipata michezo ambayo babu angeifikiria kwa mwezi.

Vitu vya dukani havihitaji maneno mengi. Kinanda kidogo cha plastiki kilichonunuliwa sokoni kiliimba wimbo ule ule kila kilipoguswa popote, kikawaka taa chenyewe, kikamaliza kazi yote chenyewe. Mtoto alikishangaa siku mbili tatu akarudi kwenye makopo. Vitu vya namna hii vingine hutumia betri ndogo bapa kama kifungo cha shati, na hizo ni za hatari: ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu, kwa hiyo kichezeo kisicho na skrubu kwenye kifuniko cha betri hakifai kuingia ndani. Simu ya mkononi ni habari nyingine. Humwondolea uchovu mlezi mara moja, na ndiyo shida yake, maana uchovu ule ndio uliokuwa ukimsukuma kuzua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Awamu ya mwisho ya vichezeo vya kichanga huanza karibu na mwaka mmoja na nusu, mtoto anapoanza kuigiza. Kopo linakuwa kikombe, kijiti kinakuwa mwiko, na kwa mara ya kwanza mtoto ndiye anayeleta jipya. Uchovu wa mtu mzima haukwishi hapo, ila unabadilika: sasa amepewa nafasi katika mchezo wa mwenzake na anatakiwa asiharibu. Mjukuu wa Isevya alimletea babu chai katika kopo tupu, babu akashukuru, akanywa kwa mkupuo mmoja, akarudisha. Chai ikaletwa nyingine, ikanywewa vile vile, na nyingine. Yule binti wa jirani, aliyekuwa akitazama kutoka kizingitini, alishindwa kuvumilia.

"Babu, unakunywaje bila kupuliza? Ya moto hiyo!"